Tamthilia zetu nazo zipigwe chapa ya heshima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Barua hii ni ndefu, nalijua hilo. Ukilazimika kuipunguza, punguza salamu na hasira zangu, lakini mambo ya mbao, wino na karatasi niachie yalivyo.

Mwalimu mmoja wa Morogoro aliandika katika safu hii kwamba tamthilia hutungwa ichezwe, si iwekwe kabatini, na kwamba watu wanaokusanya vitabu vya tamthilia vilivyochorwa na kujalidiwa kifahari wanapenda ganda kuliko kiini. Akamalizia kwamba enzi hizi maneno ya tamthilia yawekwe kwenye simu, basi, karatasi tumwachie muuza karanga. Kwenye hiyo ya karanga nilicheka. Nyingine sikuzipenda, maana mimi ni mmoja wa hao waliosemwa.

Najalidi vitabu hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kujalidi nilikuwa mpanga chapa, nikipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono na kuzisoma kinyumenyume: kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, matangazo ya taarabu. Siku hizi wananiletea misahafu iliyochoka, madaftari ya ofisi, na vitabu vya shule ambavyo havijamaliza hata muhula mmoja. Kwa kipato hicho hicho nimejikusanyia rafu moja ya tamthilia zilizopigwa chapa vizuri na kutiwa picha na wachoraji wanaojua kazi yao. Si nyingi. Nyingine nimeletewa na mpwa wangu baharia, ambaye kila meli yake ikitia nanga penye duka la vitabu vya mtumba anajua la kunitafutia. Kwa hiyo hadithi ya kwamba huu ni mchezo wa matajiri naomba tuiweke kando mapema. Kuna kitabu cha Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, pale kwangu kilichonunuliwa kwa bei ya kilo mbili za pweza.

Twende kwenye hoja. Mwalimu anasema tamthilia ni ya jukwaani. Sawa, lakini nikitaka kwenda kumtazama Kaizari akichomwa visu jioni ya leo hapa Tanga, niende wapi? Wengi wetu tamthilia tumekutana nayo kitabuni, na wengi hawatakutana nayo popote pengine. Riwaya haimwachi msomaji wake mikono mitupu. Mwandishi anakueleza nyumba ilivyokuwa, nguo, mvua, sura ya mama mkwe. Tamthilia inakupa majina na maneno. Fulani anaingia. Fulani anatoka. Aliyekaa ukumbini anajaziwa yaliyobaki na waigizaji, taa na seremala wa jukwaa. Aliyekaa kitandani kwake Chumbageni hana wa kumjazia, isipokuwa mchoraji. Huyo ndiye mwongozaji wake: ndiye anayeamua mtazamaji akae upande gani, nani apate mwanga na nani abaki gizani. Mchoraji akiwa hodari, umepata jukwaa. Akiwa mzembe, umepata mapambo, na hapo mwalimu yuko sahihi kabisa.

Nitoe mfano wa mapambo, tena mazuri. Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Baada ya Azimio la Arusha mashamba yalipotaifishwa, meneja wao alifungasha akaacha visivyoingia kwenye masanduku. Watu waligombea meza na jokofu. Baba alirudi nyumbani na kitabu kikubwa, Ndoto ya Usiku wa Kiangazi ya Shakespeare, toleo la London la 1908, picha za Arthur Rackham. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikifungua akaangukia penye mtu mwenye kichwa cha punda akibembelezwa na malkia wa majini. Akakifunga, akataka kitolewe chumbani kabla ya Magharibi.

Kitabu hicho kilikuwa na picha 40 za rangi. Kilichofika kwetu kilikuwa na pengo hapa na pale, na sababu yake naifahamu kama fundi. Picha zile hazikuchapwa kwenye karatasi moja na maneno. Zilichapwa mbali, kwenye karatasi ya kung'aa iliyopakwa udongo mweupe, maana rangi za namna ile zinataka uso laini. Kisha kila moja ikabandikwa kwa mkono, gundi kidogo ukingoni, juu ya karatasi nene yenye rangi, na juu yake ikawekwa karatasi nyembamba ya kuikinga. Gundi ikichoka picha inadondoka, na anayeiokota anaitia kwenye fremu. Na kwa hali ya hewa yetu kuna baya zaidi. Udongo ule wa kwenye karatasi ukilowa unageuka gundi wenyewe. Masika ikikukuta na dirisha wazi, kurasa mbili zinashikana, na ukizivuta kwa pupa uso wa malkia unabaki umeng'ang'ania kwa jirani yake. Nimeshazitenganisha kurasa kama hizo kwa mvuke na kisu cha mfupa, pole pole, na si zote zilizopona.

Sasa, pamoja na mapenzi yote niliyonayo kwa kitabu kile, nasema Rackham hakuchora tamthilia. Alichora msitu. Miti yake ina vidole, mizizi ina nyuso, majini wamejibanza kila tawi, hata hakuna mahali pa mwigizaji kusimama na kusema maneno yake. Ni kazi ya mtu aliyesoma hadithi tamu, si ya mtu aliyekaa ukumbini.

Linganisha na hiyo Faust ya bei ya pweza. Picha zake ni za Mfaransa Eugène Delacroix, 17 kwa jumla, zilizotoka mara ya kwanza Paris mwaka 1828. Yangu ni toleo la baadaye sana, la Kimarekani. Delacroix alikuwa amekwenda London mwaka 1825 na huko akaitazama Faust ikichezwa jukwaani. Inaonekana. Mephistopheles wake, yule shetani wa tamthilia, amesimama kama mtu anayejua watu wanamtazama: mguu mbele, shingo upande, vidole vimetanuka. Goethe, mwenye tamthilia yake, alionyeshwa baadhi ya picha hizo akiwa mzee, akakiri kwamba kijana yule amezipita hata picha alizokuwa nazo yeye kichwani alipokuwa akiandika. Mwandishi gani wa kwetu amewahi kupewa zawadi kama hiyo?

Delacroix alizichora picha zile juu ya jiwe, kwa chaki yenye mafuta. Jiwe linaloweshwa, kisha linapakwa wino. Penye maji wino unakataa, penye mafuta unashika. Njia hiyo iligunduliwa huko Bavaria, Ujerumani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na Alois Senefelder. Nisikilize hapa, Mhariri. Senefelder hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mwana wa mwigizaji, na yeye mwenyewe mtunzi wa tamthilia. Kuchapisha tamthilia zake kulimshinda kwa gharama, madeni yakamfika shingoni, akaanza kuhangaika na bamba, mawe, sabuni na nta akitafuta namna ya kujichapia mwenyewe kwa bei nafuu. Akaangukia siri ya maji na mafuta. Siri hiyo hiyo ndiyo inayoendesha mashine za ofseti hadi leo: bamba, maji, wino. Mashine zinazochapa magazeti zipo kwa sababu kulikuwa na mtunzi wa tamthilia asiye na hela ya kumlipa mpiga chapa. Mwalimu akisema tamthilia na karatasi hazina udugu, namwomba aende kiwanda chochote cha ofseti ainusie tu ile bamba.

Nilifikiri nimeshaona mazuri yote mpaka binti yangu aliponionyesha kwenye simu yake (ndiyo, mwalimu, simu) Hamlet ya Shakespeare, toleo la kiwanda cha chapa cha Cranach Press. Ilipigwa chapa Weimar na bwana mmoja wa ukoo wa kitajiri, Harry Kessler, kwa Kijerumani kwanza, na kwa Kiingereza mwaka 1930, nakala mia tatu na ushee. Picha ni za Edward Gordon Craig, mtoto wa Ellen Terry, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Craig mwenyewe aliigiza tangu ujanani, kisha akawa mbunifu wa jukwaa. Alipokuwa akiandaa Hamlet iliyochezwa Moscow mwaka 1912, alichonga vijitu bapa vya mbao vya kusimamisha kwenye jukwaa dogo la mfano, ili aone nani asimame wapi. Baadaye akavipaka wino vijitu hivyo akavigandamiza kwenye karatasi, vikatoa vivuli vyeusi virefu. Kessler alipoviona akamtaka avichongee kitabu kizima.

Ukurasa wake nimeuangalia hadi simu ikaisha chaji. Maneno ya tamthilia yako katikati, herufi nene. Pembeni, kwa herufi ndogo, zimepangwa hadithi za kale ambazo kisa cha Hamlet kimetokana nazo. Aliyejalidi vitabu vya msikitini hahitaji kuelezwa: ni matini na hashia. Vitabu vya madrasa nimevishona miaka mingi, matini katikati, sherehe yake (yaani maelezo) ikizunguka pande tatu, na sikutegemea kumkuta mtoto wa mfalme wa Denmark amekaa ndani ya mpangilio ule. Na vile vivuli vya Craig vinatembea katikati ya herufi. Kimoja kinasimama chini kabisa ya ukurasa peke yake na nafasi nyeupe yote iko juu yake. Hapo huhitaji kuambiwa kwamba Hamlet yuko mpweke.

Simu haionyeshi kila kitu, hata hivyo. Chapa ya herufi za risasi na mbao inauma karatasi. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unaisikia mistari. Hilo sijalipata kwenye kioo cha mtu yeyote.

Kwa ufupi wapo wengine. Picasso alimchorea Aristophanes wa Ugiriki tamthilia ya Lysistrata mwaka 1934, nakala 1,500, zote zikiwa na sahihi yake. Ni kisa cha wanawake waliowanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe, na gazeti hili linasomwa na watoto, kwa hiyo naishia hapo. Aliyemwagiza Picasso ni George Macy wa New York, na huyu namtaja kwa kirefu kidogo kwa sababu ninataka tumwige.

Macy alianzisha Limited Editions Club mwaka 1929, mwaka ule ule masoko ya hisa ya Marekani yalipoanguka. Utaratibu wake ulikuwa wanachama wajiandikishe na kulipia, vitabu vifuate, kila kimoja na namba yake. Kati ya 1939 na 1940 akatoa tamthilia za Shakespeare, majuzuu 37, seti 1,950. Mpangilio wa kurasa aliukabidhi kwa mtu mmoja, Bruce Rogers, ili majuzuu yote yafanane umbo. Lakini kila tamthilia akampa mchoraji wake. Macbeth ikaenda kwa Craig huyo huyo. Julius Caesar ikaenda kwa Frans Masereel, Mbelgiji aliyejulikana kwa kuchonga kwenye mbao umati wa watu wa mijini, weusi na weupe bila rangi ya katikati. Chaguo gani hilo! Tamthilia ile si ya Kaizari wala ya Bruto peke yao, ni ya umati unaogeuzwa kwa hotuba moja. Macy alijua nani anajua kuchonga umati. Na kwa ambao hawakumudu uanachama, tangu 1935 alikuwa na Heritage Press, iliyotoa vitabu vya picha zilezile kwa karatasi ya kawaida na bei ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana fundi wa Ngamiani leo ana Faust ya Delacroix kabatini.

Sasa turudi nyumbani. Mwalimu Nyerere alitupa Kaizari kwa Kiswahili mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatupa Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, na shughuli zote zile, alikaa akapima mistari. Samuel Mushi akatafsiri Makbeth na Tufani. Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, 1969 pia, halafu Mashetani. Penina Muhando ana Hatia na Lina Ubani. (Watani zangu wa hapa watauliza mbona simtaji Shaaban Robert, leo ni zamu ya tamthilia, naye ana barua yake nyingine.) Kwa lugha yoyote hii ni akiba ya kujivunia. Nionyesheni basi toleo moja tu, moja, ambalo mtu angelitoa kama mahari au kumwachia mjukuu.

Ninachoona mimi mezani ni hiki: karatasi dhaifu inayogeuka manjano, herufi zimebanwa ili kurasa zipungue, jalada laini, na mgongo uliopakwa gundi ya moto bila hata tundu moja la sindano. Mtoto wa kidato akikifungua mara kumi, kurasa zinaanza kutoka moja moja. Natoboa, nashona kwa shazia na uzi wa katani uliopakwa nta, narudisha jalada. Kazi yangu inadumu kuliko kitabu chenyewe. Mzazi ananilipa kushona kitabu karibu sawa na alichokinunulia. Halafu tunashangaa mtoto akisoma muhtasari wa dhamira na wahusika, akafaulu mtihani, na asijue Kinjeketile alikuwa mtu wa namna gani.

Isisemwe kwamba ufundi hatuna. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likipigwa chapa hapa hapa Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, enzi zake, ilikuwa na wasanii wanaochapa picha kwa mbao na kwa bamba. Kilichotuponyoka ni vyombo. Kiwanda nilichofanyia kazi, ambacho sikitaji maana wenyewe wameshatangulia, kilipohamia ofseti kiliuza herufi zake za risasi kwa kilo. Droo kwa droo, zimemiminwa kwenye magunia. Waliozinunua waliziyeyusha zikawa chubwi za wavuvi. London kulikuwa na mzee mmoja, Cobden-Sanderson wa Doves Press, ambaye naye aliwahi kuchapa Hamlet. Alipogombana na mwenzake, mwaka 1916 na 1917 alikuwa akitoka usiku na kuzimwaga herufi zao mtoni Thames ili mwenzake asizipate. Mwaka 2014 wapiga mbizi walizamia wakaopoa takriban 150. Herufi zetu nazo ziko majini, tofauti ni kwamba zilienda kuvua changu.

Ninachopendekeza ni kitu kimoja. Itolewe Kinjeketile yenye picha, nakala 300, kila moja na namba yake. Nimeichagua hiyo kwa sababu ni yetu tangu kisa hadi lugha, na kwa sababu ni ya weusi na weupe: maji, usiku, watu wengi pamoja, mtu mmoja gerezani anayetakiwa aseme neno na anakataa. Inamfaa mchonga ubao.

Ifanyiwe Bagamoyo. Pale kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, wanaosomea uigizaji na wanaosomea kuchora wako uwanja mmoja, na Bagamoyo ina mafundi wa milango ya nakshi ambao patasi wameirithi kwa babu zao. Lakini nasisitiza sharti langu, nililojifunza kwa Delacroix na Craig: mchoraji akae mazoezini kwanza. Asipewe kitabu aende nacho nyumbani. Tamthilia ichezwe, aone Kinjeketile anavyotoka majini na watu wanavyorudi nyuma, aone nani yuko karibu naye na nani kajificha, ndipo ashike ubao. Bila hivyo tutapata ngao, mikuki na machweo, kama kadi za kuuzia watalii.

Mafundi wa milango watakuwa na jambo moja la kuzoea. Mlango unauona kama ulivyouchonga, ubao wa chapa unatoa kinyume. Anayetaka mkuki uwe mkono wa kulia auchonge kushoto, na umati unaokwenda mashariki auelekeze magharibi. Nitakaa nao niwaonyeshe kwa kioo cha kunyolea. Wiki ya kwanza watanilaani, ya pili watazoea.

Karatasi iwe nene, isiyong'aa. Nimekwisha kueleza masika yanavyofanya karatasi ya kung'aa, na kitabu cha pwani kitengenezewe pwani. Maneno yachapwe kwa ofseti kama herufi za risasi hazipatikani, sitakuwa mkaidi, ila picha zichapwe kwa ubao wenyewe, kwa wino na mgandamizo. Kishonwe kwa uzi. Jalada liwe la kaniki. Nimeijaribu: ukiibandika karatasi nyembamba kwa upande wa ndani, gundi haipenyi, inakaa juu ya ubao wa jalada bila mkunjo, na weusi wake unapendeza bila maandishi yoyote zaidi ya jina mgongoni.

Fedha? Watu 300 wachange kwanza, kitabu kifuate. Kuchanga tunajua, kadi za harusi nilizichapa mimi, na sijasikia harusi iliyokosa pilau. Benki moja au mbili zinazogawa kalenda kila Januari zinaweza kununua nakala ishirini ishirini na kuwapa wageni wao kitu kisichotupwa Desemba. Halafu, na hili ndilo jibu langu kwa mwalimu wa Morogoro, picha zile zile zipigwe picha ziingie kwenye toleo la shule, la bei ile ile ya sasa, kwa ofseti. Mtoto wa Muheza au Pangani afungue kitabu chake cha fasihi aone jukwaa. Kama akitaka kuziangalia kwenye simu pia, hewala.

Mwandishi aombwe ruhusa kwa adabu, na alipwe. Mchapishaji mwenye haki aandikiwe. Najua jibu la kawaida la wachapishaji wetu, kwamba soko hakuna. Wamelisema hata kwa vitabu ambavyo mimi navishona kila mwezi kwa sababu wasomaji wamevichakaza. Wakikataa safari hii, naomba wakatalie hapa hapa kwenye safu yako, na waseme kinachokwamisha ni fedha, ni ruhusa, au ni kwamba hawajafikiria. Kwa upande wangu nimeshatenga doti tatu za kaniki na fungu la uzi, na kazi ya kujalidi nakala 20 za kwanza sitaidai malipo.

Wasalaam,

Mjalidi vitabu,
Ngamiani, Tanga